Fundi Niliyemushitaki kwa Kulala

Aibu hii nilijitafutia mwenyewe. Wakati wa Zaire nilitoka Lubumbashi kumalizia diploma ya juu ya injinia wa mashine, nikafanya staji, mazoezi ya kazi, kwenye karakana ya meli, Kalemie. Juma zima nilipiga hesabu kujua injini moja inaumwa nini. Nikaandika: pompi ya mafuta ndiyo mbovu.

Asubuhi moja nikamukuta Papa Kalunga, fundi muzee, ameinamia injini ile inanguruma, macho amefunga, kijiti kati ya sikio lake na chuma. Nikakimbilia ofisi ya shefu wa karakana na abakosti yangu, suti bila tai ya wakati ule, nikamuita “raia” vile serikali ilitaka: “Sitwayen shefu, fundi analala kazini!”

Shefu akaja. Papa akafungua macho. “Silinda ya tatu. Valvu imeungua.”

Wakafungua; ilikuwa vile vile. Sikio moja lilishinda madaftari yangu yote.

Papa akanipatia kijiti. “Mwanangu, na wewe njoo ulale kidogo.”