Ndevu Mbele ya Posa

Wiki iliyopita tulioneshwa hapa Lamu filamu ya Kihindi iliyotuvunja mbavu. Kijana anajibandika ndevu, anajifanya mzee tajiri, na baba wa watu anampa bintiye. Wanaume tuliitazama mbele ya shuka iliyotundikwa kuonyeshea picha, wanawake nyuma yake.

Juzi jirani yangu alinialika barazani kwake. Wageni kutoka Kizingitini walikuja kumposa bintiye. Kahawa ilipokwisha kumiminwa, ami wa kijana aliyeposa akaanza: "Bwana, tumekuja kwa heri..."

Jirani akainuka, akazikamata ndevu za yule ami, akazivuta kwa mikono miwili. Hazikutoka. Hakuna aliyethubutu kumeza halua yake.

"Niwie radhi, Bwana," akasema jirani. "Binti ninaye mmoja tu, na sinema nimeiona."

Yule ami akapangusa machozi, akaweka kikombe chini taratibu, kisha naye akamvuta jirani ndevu hata kofia ikaanguka.

"Nami nalikuwako," akasema.

Wakatazamana, wakaridhika, Fatiha ikasomwa. Naambiwa hiyo ndiyo posa iliyohakikishwa kuliko zote mjini.

Mimi nina mabinti wanne hawajaolewa. Jana nimekwenda kwa kinyozi.