Tangu Nipasuliwe Ngiri

Nilipoambiwa nina ngiri nilidhani daktari amekosea faili. Kwetu Chumbageni ngiri ni maradhi ya wanaume. Lakini ilikuwepo, uvimbe mdogo kwenye kinena, nikikohoa unajitokeza. Nikapasuliwa, nikashonwa, na kidonda kikafunga vizuri, hata mume wangu akakisifu.

Maumivu ndiyo yaliyobaki. Yalikuwa kama kitu kinachowaka chini ya ngozi, kisha yanateremka pajani. Nikikaa yanazidi, nikilala nageuka usiku kucha. Nikawa mtu wa kutembea: jikoni, uani, barazani, tena jikoni. Niliporudi hospitali, daktari alitazama kovu, akasema nimeshapona, nipunguze wasiwasi.

Kisha tukawa na hitima ya jamaa wa mume wangu, kule Muheza. Wanawake tuliketi chini kwenye mikeka, tumebanana, kisomo kinaendelea. Nilikaa upande, nikakunja mguu, nikaunyoosha, nikainuka. Nikarudi. Nikainuka tena. Mama mkwe wangu, ambaye tangu niolewe hajanikaripia mbele za watu, alinivuta kanga.

"Mwanangu, mkeka una nini? Watu wanakutazama."

Ningeweza kusema nimechoka, kama nilivyozoea. Safari hii nikamwambia: "Mama, pale waliponipasua panawaka. Tangu kabla ya Ramadhani sijakaa nikastarehe."

Aliiachia kanga, akaniambia niende nje. Nikazunguka michungwa mpaka kisomo kikaisha, nikijua walioketi karibu wamesikia.

Tuliporudi, garini, alimwambia mwanawe anitafutie daktari mwingine, na kwamba yeye mwenyewe atafuatana nasi. Mume wangu akasema daktari keshatuambia nimepona.

"Mimi nimemwona akikaa," mama akasema.

Daktari wa pili, mwanamke, tulimkuta kwenye kliniki moja ya Raskazone. Hakushughulika sana na kovu. Alibonyeza kwa ncha ya kidole, pole pole, mpaka akafika mahali nikataka kumpiga teke. Akatueleza kwamba huenda mshipa wa fahamu umenaswa kwenye kovu, au kwenye ule wavu wa kuzibia ngiri waliouweka ndani waliponipasua, na kwamba huwatokea wengi. Nikalia. Mama akauliza kama yataisha. Daktari akasema hawezi kuahidi, akanichoma sindano ya ganzi palepale.

Nilikaa kwenye bajaji mpaka nyumbani bila kujigeuza. Mama alikuwa ananitazama magoti tu.

Baada ya wiki chache maumivu yalirudi, ila makali yamepungua. Siku nyingine nachomwa sindano tena, nyingine nameza vidonge vinavyonipa usingizi mzito. Kwenye shughuli nainuka ninapotaka, na wapo wanaosema nina maringo. Mama mkwe huwajibu kabla yangu, tena kwa maneno ambayo mimi nisingeyatumia.

Haya nayaandika nimesimama, daftari liko juu ya friji. Nimeshayaacha mara kadhaa nikaenda kuzunguka uani.