Ng'ombe wa Mahari Ambao Hawakuwamo Kitabuni

Sisi tuliokua wakati wa Mwingereza hatukusikiliza kitabu tukiwa tumejilaza kwenye kochi. Tulikisikiliza tumekaa chini, karanga mapajani, macho yote kwenye mdomo wa msomaji kama unavyomtazama muuza duka anayekupimia sukari. Nayasema haya kwa sababu kijana wangu anayefanya kazi Dar es Salaam ameniletea kaseti za hadithi. Unabonyeza, mtu anasoma. Anadhani kaniletea jambo jipya! Mimi, niliyeacha shule darasa la tatu na leo nina malori mawili na mashine ya kusaga hapa Kibakwe, nilisomewa vitabu vizima kabla hata mama yake hajazaliwa.

Ilikuwa kwa Bwana Jivan, Mhindi mwenye duka na ghala la karanga. Baada ya mavuno, wanawake na watoto tulikaa uani kwake tukimenya na kuchambua, nzima huku, zilizovunjika kule. Sijisifu, lakini mikono yangu ilikuwa na kasi kuliko ya wanawake wawili. Tatizo lake Bwana Jivan ni kwamba tulikuwa tunatafuna. Kwanza akatuamuru tuimbe, maana anayeimba hatafuni. Wanawake wakaanza kumwimba yeye mwenyewe, tumbo lake na ubahili wake, kwa Kigogo, huku wakimchekea usoni. Sijui nani alimtafsiria. Wiki iliyofuata akamleta Danieli.

Danieli alikuwa kijana mrefu aliyesoma misheni, mwenye sweta la kijani asilolivua hata jua likiwaka. Alipanda juu ya gunia, akafungua kitabu, ua wote ukanyamaza. Mama yangu, ambaye hata jogoo akiwika aliuliza ni kwa sababu gani, akaninong'oneza: "Umeelewa wewe? Kimya hiki ni cha kusikilizia meno yetu." Na kweli, ukivunja karanga moja kwa jino, Bwana Jivan alikusikia mpaka dukani. Tukajifunza kuinyonya taratibu mpaka ilainike. Mpaka leo nikisikia mtu anasoma kwa sauti, mate yanajaa ladha ya karanga mbichi.

Vitabu vilikuja vya kila namna na hatukukipokea hata kimoja bila kukihoji. Kulikuwa na cha mfanyabiashara aliyesafiri baharini. Tukaambiwa maji hayo hayana mwisho na hayanyweki. Sisi tuliokuwa tukichimba mchanga wa mto kiangazi kupata kibuyu kimoja tulikikataa siku hiyo hiyo. Kulikuwa na cha afya, kilichosema tuchemshe maji yote ya kunywa. Mama akauliza kama aliyekiandika aliwahi kuokota kuni. Cha wanyama wanaosema ndicho tulichokiamini zaidi, isipokuwa fisi wake alikuwa mjinga mno. Fisi wa kwetu asingedanganywa na sungura mara mbili.

Lakini kilichopendwa ni cha mfalme mwenye binti saba. Kila binti alipoolewa, wanawake waliacha kumenya.

"Ng'ombe wangapi?"

Mara ya kwanza Danieli alibabaika, akapekua ukurasa mbele na nyuma. "Haikuandikwa."

"Ameolewa bure? Binti wa mfalme?" akasema Mama Lea, aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote. "Funga hicho kitabu, bwana, ni cha wahuni."

Danieli akatutazama, akakitazama kitabu, akasema: "Ahaa, hapa chini. Ng'ombe sitini, na mbuzi wa mjomba." Vigelegele! Tangu hapo hakuna binti aliyeolewa bure kwa Danieli, na ng'ombe alituambia mpaka rangi zao.

Kisha akaugua homa. Kanta, binti Jivan, aliyekuwa likizo kutoka shule mjini Dodoma, akakaa mahali pake. Wanawake wakamwomba awarudie ndoa ya binti wa kwanza. Akasoma vizuri tu, mpaka harusi ikaisha.

"Na ng'ombe, mwanangu?" akauliza Mama Lea.

"Ng'ombe gani, mama?"

"Sitini. Na mbuzi wa mjomba."

Kanta akasoma upya, kidole kikifuata mstari. "Hakuna ng'ombe hapa. Hakuna hata mbuzi."

Danieli aliporudi alizomewa kutoka getini. "Mchungaji wa ng'ombe wa hewa! Wamezaa wangapi?" Alicheka nao, maskini, akidhani yataishia hapo.

Hayakuishia. Mwezi ule ule ikavuma kwamba sotoka imeingia wilaya ya jirani, ng'ombe wanaharisha na kufa zizi zima. Watu wa mifugo wakaleta kijitabu, nao wazee wakaitwa uani kwa Bwana Jivan wasomewe. Babu yangu alikuja na fimbo yake. Baba alikuwa kwenye mkonge Morogoro, na ng'ombe wake walikuwa mikononi mwa mama. Danieli akasoma: ng'ombe wote wapelekwe bondeni Jumatatu wakachomwe sindano, wasipochomwa watakufa.

Babu akasimama. "Kijana, wewe ndiye uliyemwozesha binti wa mfalme kwa ng'ombe sitini?"

Watu wakaangua kicheko. Danieli hakucheka.

"Aliyeongeza ng'ombe anashindwaje kuongeza sindano?"

Akaitwa Kanta. Akasoma yale yale, neno kwa neno. Hapo ndipo shaka ilipozidi. "Huyu ni mtoto wa nani?" akauliza Babu. "Na baba yake ananunua nini zaidi ya karanga? Si ngozi? Ng'ombe wetu wakifa, nani anashiba?" Bwana Jivan akaapa kwa miungu yake yote, na kadiri alivyoapa ndivyo wazee walivyotazamana. Serikali nayo, wakasema, inataka kutuhesabia mifugo ili itupunguzie.

Mama alisubiri mpaka watu walipoanza kutawanyika. Akamfuata Danieli pale kwenye gunia. Nilikuwa naye, nilisikia mwenyewe.

"Danieli, una ng'ombe?"

"Mtamba mmoja, mama. Wa mahari. Ndiye huyo huyo niliye naye."

"Utampeleka Jumatatu?"

Akakifunga kijitabu. "Nitampeleka wa kwanza."

"Nitakuja kuangalia. Kusikiliza nimechoka."

Jumatatu bonde lilikuwa na watu wengi na ng'ombe wachache. Danieli alipita katikati yao akimvuta mtamba mwekundu, watu wakimpigia miluzi. "Huyo naye yumo kitabuni?" Alimshika pembe yeye mwenyewe, jasho likimtiririka ndani ya sweta, sindano ikaingia. Mama alitazama mnyama, akatazama mikono ya yule kijana ikiwa bado imeshika pembe, akaniambia: "Kafungue zizi." Babu alimpigia kelele kwamba anaua mali ya mwanawe. Hakugeuka.

Sotoka ilikuja kabla ya mvua. Wa kwetu walisimama. Zizi la Babu lilinyamaza lote, na Bwana Jivan, ambaye kwa kweli hakuwa na hila yoyote, alizinunua ngozi zake huku akitazama chini. Mwaka uliofuata Danieli alioa. Na uzao wa wale ng'ombe wa mama ndio niliouza nikanunua lori la kwanza. Shule haikunipa lori, naomba hilo lieleweke.

Babu aliingia siku moja uani, mwanamume mwenye mvi, akakaa kati ya wanawake akaanza kumenya karanga. Danieli akaacha kusoma kwa heshima. "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Soma. Nimekuja kukubishia."

Akambishia mpaka alipokufa, kila ukurasa, na Danieli akimjibu kila ukurasa.

Siku hizi vijana wangu wanasikiliza kaseti vichwa vikitikisika, wanakubali bahari, wanakubali harusi, wanakubali kila kitu. Ile sauti ni nzuri kuliko ya Danieli, hilo nakiri. Jana msomaji alisema jambo nisiloliamini. Nikainuka kumuuliza, nikasimama pale katikati ya sebule yangu kubwa, naye akaendelea kusoma.