Barua Niliyoificha kwenye Alizeti

Tulikuwa wanne: mimi, mume wangu, wifi yangu aliyemfuata mume wangu kuzaliwa, na binti yetu mkubwa, aliyekuwa amemaliza darasa la saba. Majina yao ninayo, hata la dereva wa basi lililotutoa Iguguno kwenda hospitali. Siyaandiki, maana aibu ni yangu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara binafsi zimeruhusiwa, watu wanasimika mashine zao za kukamua alizeti, na mume wangu alipata kazi ya kupakia magunia. Kifua kikaanza kumbana. Hospitali wakamtoa damu. Yeye, wifi na binti wakabaki kwenye benchi nje, daktari akaniita ndani peke yangu.

"Mama, damu yake tumeisimamisha kwenye mrija, chembe zake zimeshuka chini haraka mno, ndiyo dalili. Mwilini kuna uvimbe unafukuta. Nahofia mishipa ya moyo. Mafuta yamejijenga ndani, juu yake pana utando, kama wa maziwa yaliyochemka. Ukichanika, damu itaganda pale pale. Asibebe mzigo. Mpeleke hospitali kubwa na barua hii."

Nilisikia yote, lakini kilichobaki masikioni ni kwamba damu ni mbaya. Miaka ile damu mbaya ilikuwa ugonjwa mmoja tu, ule wa kukonda usio na dawa, na nyumba iliyotajwa nao hakuna aliyeingia kunywa hata maji. Barua nikaifunga kwenye pindo la khanga.

"Wifi, damu imesemaje?" wifi yangu akaniuliza nilipotoka.

"Imesema kaka yako kachoka."

"Ee! Damu nayo inajua kuchoka? Basi ya kwangu ingekuwa imelala fofofo!"

Tukacheka, na mume wangu akacheka.

Nyumbani nikaizika barua kwenye gunia la mbegu za alizeti. Jioni akaniuliza, "Mama watoto, daktari kasema nini hasa?" Nikamjibu apumzike siku mbili. Asubuhi ya tatu, kabla hajaondoka kwenda kazini, akauliza tena. Nikajibu vilevile: siku mbili, nazo zimekwisha. Mchana wakamleta kutoka mashineni juu ya mkokoteni, amekwisha kufa.

Msimu wa kupanda, binti yangu akaikuta barua. Akaisoma kwa sauti: moyo, mishipa, asibebe mzigo. Ugonjwa nilioogopa haukuandikwa popote.

"Mama, ulikuwa nayo?"

Mpaka leo nikichemsha maziwa, utando ukitanda juu, nageuza uso.

Wifi yangu na binti yangu wapo. Wakisoma haya, waseme nilipokosea. Na kama yupo anayekumbuka kwamba mume wangu aliniuliza mara moja tu, wala si mbili, tafadhali aniambie.