Udongo wa Baba Elisha

Usiku ule tulilala nyumba ya wageni katika ule mji wa zamani wa dhahabu. Mji gani! Umebaki mabati yenye kutu na minyaa. Nilikuwa na mjukuu wangu Tausi, dereva wa lori, na kulirudisha lori nyuma hakuna mwanamume wa kumfikia.

Tulifuata udongo. Mume wangu, Baba Elisha, alifukiwa mgodini humu angali kijana, wala hakutolewa. Kwetu, mtu asiyepatikana anazikwa kwa udongo wa pale alipofia. Bila huo hana kaburi, na mimi nikifa nitalazwa peke yangu. Mchana kutwa tumezunguka. Mashimo yamezibwa, pori limemeza kila kitu. Lake ni lipi? Hakuna ajuaye. Nikalala nimenuna, mfuko wa udongo mtupu.

Basi nikaona jua. Jua la saa sita, nami nateka maji kisimani kwetu. Kisima kikawa njia. Baba Elisha yuko mbele yangu na bukta yake ya kazi, matope mapajani, kijana vilevile, meno yote. Ananitazama juu mpaka chini.

"Mama Elisha, umenenepa."

"Na wewe umekufa," nikamwambia. "Afadhali mimi."

Akacheka kile kicheko chake cha mbuzi. Machozi yalinijia, nikayameza, sikuja kulia.

"Shimo lako lipi? Nionyeshe nichote."

Anageuka, anapanda mlima, nami nyuma yake kama msichana. Tunapita vichakani, nyayo za tembo zimejaa maji, mara tuko kwenye mapango walimokaa watu wa kale, wale waliochora twiga wekundu ukutani. Masika wachimbaji walilala humo. Alinisimulia mwenyewe kila aliporudi nyumbani. Sasa ameinama anapuliza moto. Mafiga, jivu, mkeka wake. Anatoa kiazi motoni, ananimenyea, anapoza kwa mdomo.

"Kule chini nilikufa tu," anasema. "Hapa niliishi. Chota hapa."

"Ndugu zako watanila mbichi. Desturi ni pale ulipofia."

"Waambie nimekataa kuzikwa na lile shimo."

Alisema taratibu, bila hasira. Nikaona mabega yake hayana mzigo wowote. Miaka yote hiyo nilidhani yuko kule chini kwenye giza ananiita, kumbe amekaa zake kwenye moto. Kifua changu kikafunguka kama dirisha. Nikanyoosha mkono nipokee kiazi.

Nikaamka. Kumekucha, Tausi anafunga kamba za viatu.

"Tunaanzia mashimo gani leo, Bibi?"

"Achana na mashimo. Udongo tunauchota mapangoni, penye mafiga. Babu yako mwenyewe kaniagiza usiku."

Akanitazama, akatazama mlima dirishani.

"Bibi, kule juu utaweza kupanda?"

"Nimeshapanda," nikamwambia. "Lete jembe."