Tumbaku ya Mchana

Msimu wa tumbaku, malori yanapopita hapa Tabora mjini yamefunikwa maturubai, harufu yake huingia mpaka jikoni kwangu: tamu, kavu, yenye ukali wa kukwaruza koo. Majirani hufunga madirisha. Mimi huyafungua, nikasirike upya.

Nilikuwa na miaka kumi. Tuliishi Usinge, boma moja na baba mkubwa, kaka yake baba, mtu ambaye hata akiomba chumvi ungedhani anatoa amri. Siku hiyo watu wazima walikwenda msibani kijiji cha jirani, nikaachwa nilinde nyumba. Ndani ya bani, kile kijumba cha kukaushia tumbaku, majani yalikuwa yamekwisha kukauka, yananing'inia kwenye fito, moto umezimwa. Saa saba mchana likapanda wingu jeusi. Paa la bani lilikuwa na tundu ambalo kila mtu alilijua.

Basi nikaamua kuokoa mali. Nilipanda, nikashusha ufito wa kwanza, nikakimbia nao nyumbani. Kufika, nusu ya majani yalikuwa yamesagika kama maganda ya karanga. Nikadhani nimekimbia mno. Wa pili nikaubeba kwa kunyata, ukasagika vilevile. Nilishusha fito kumi na mbili, huku nalia. Mvua yenyewe ilipita kando, ikaenda kuwalowesha waombolezaji.

Mkulima wa tumbaku anayesoma hapa ameshashika kichwa. Jani lililotoka motoni haliguswi mchana. Huachwa bani ikiwa wazi, hewa ya usiku ililainishe, ndipo lishushwe alfajiri. Wewe unajua. Mimi hakuna aliyeniambia.

Jioni baba mkubwa aliniita mbele ya wote. Alizoea kusema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa, lakini siku hiyo methali ilimpotea.

"Piga magoti uombe msamaha," akasema. "La sivyo, shule basi, mpaka msimu uishe."

Magoti yenyewe hayakuwa tatizo. Wasichana wa kwetu tulipiga magoti kila asubuhi kuwaamkia wakubwa, na sikuwahi kumnyima shikamoo yake. Lakini wiki hiyo mwalimu wa Kiingereza alikuwa ametufundisha neno, sisi tukilitamka misteki. Aliandika ubaoni mpaka chaki ikakatika. "Hii ni misteki," akasema. "Nia yangu ilikuwa kuandika. Ningeikata makusudi ili mkose kusoma, huo ungekuwa ubaya, na ubaya una jina lake." Nililipenda neno lile kama nguo ya sikukuu.

"Ile ilikuwa misteki, baba mkubwa," nikasema nimesimama. "Sipigi magoti."

"Misteki! Ndiyo tutakayoipeleka sokoni?"

"Nilitaka kuiokoa. Mwenye kosa ni aliyeliacha tundu, na aliyejua asinifundishe."

Mama alijiziba mdomo kwa khanga. Hapo baba akainuka kwenye kigoda, akapiga magoti mbele ya kaka yake, mavumbini.

"Nisamehe, kaka. Kosa ni langu."

"Haya, yamekwisha," baba mkubwa akajibu, akaomba maji ya kunawa.

Jumatatu nilikwenda shule. Nilimwonea baba aibu mwezi mzima, nikawa namwamkia huku natazama pembeni. Niliona kwamba nilikuwa nashinda, naye akaniharibia ushindi wangu.

Nilielewa nilipopata watoto wangu. Baba hakunibebea mzigo wangu. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa bani ile; tundu lilikuwa lake, na kunifundisha kulikuwa kazi yake. Nilimtaja bila kujua kwamba namtaja, naye akajitokeza. Paa lile lilikuwa pia la baba mkubwa, na yeye alikaa palepale kitini, akapokea ombi la msamaha kana kwamba anaitikia marahaba.

Watu huniambia nimezeeka, nisahau. Sisahau. Nirudisheni Usinge leo, nina miaka kumi, na bado sipigi magoti. Ila safari hii ningemshika baba mkono kabla hajafika chini, nikamwambia, subiri, baba, kaka yako naye ashuke.