Fundi Umeme na Neva ya Kushoto

Kwa miaka thelathini fundi umeme alitambaa kwenye dari za watu akivuta nyaya, na vumbi la humo halikumsamehe. Sasa mapafu yalimlazimu kulala ameketi, kama mgeni anayesubiri kuagwa. Daktari alitaka kujua jambo moja: zile neva mbili zinazoshuka kutoka shingoni kuamsha msuli wa pumzi chini ya mapafu, bado zi hai? Zikiwa hai, angeingia darasa la mazoezi ya kupumua. Zikiwa zimekufa, basi ni mashine na kitanda.

"Baba, utahisi kama kwikwi," alisema binti mpimaji, akamgusa shingoni upande wa kulia kwa kijiti chenye umeme. Tumbo likaruka. Kwenye kioo cha mashine, mstari ukapanda.

"Umeme huu mtoto tu," fundi akasema. "Mimi nimerushwa na nyaya za kweli."

"Ukaangukia kabati la watu," mkewe akamalizia kutoka kwenye benchi.

Upande wa kushoto, kimya. Binti akasogeza kijiti, akaongeza nguvu, akajaribu mara nne. Mstari umelala tu. Akachukua kalamu.

"Unaandika nini, mwanangu?"

"Kwamba neva hii haijibu. Pole, baba."

Mkewe akainamisha kichwa, akaanza kuomba kimoyomoyo. Fundi akavuta pumzi, ikaja nusu, akangoja nyingine.

"Weka kalamu chini. Sisi hatusemi waya umekufa kabla ya kujaribu testa, kipimo chenyewe, kwenye waya ulio hai. Jipime mwenyewe."

"Baba, nje kuna wagonjwa sita."

"Nitawaomba radhi mmoja mmoja."

Binti akasita, kisha akabonyeza kijiti kwenye kifundo cha mkono wake, mahali ambapo siku zote dole gumba huruka. Halikuruka. Akamtazama fundi, akacheka kwa aibu. Alipokihamishia kushoto, waya wa kijiti ulikuwa umekatikia ndani ya ganda lake.

Akafunga mwingine. Gumba likaruka, ndipo akarudi shingoni. Tumbo la fundi likashtuka na mstari ukapanda, mfupi kuliko wa kulia, lakini ukapanda.

"Rudia."

Akarudia mara tatu.

"Haya, sasa andika."

Darasa la mazoezi lilikuwa ghorofa ya pili. Mkewe alipoelekea kwenye lifti, fundi alikwisha kushika chuma cha ngazi. Vidato vitano, akasimama, akahema, vitano vingine.

"Ee Mola, mtu huyu," mkewe akanong'ona, akapanda nyuma yake, kiganja tayari mgongoni.